Chenga Haianzii kwenye Fimbo

Hotuba kwa wachezaji wa kike wa lakrosi (mchezo wa kudaka, kubeba na kurusha mpira kwa fimbo yenye wavu kichwani, ili kufunga goli), makocha na wazazi, asubuhi ya kwanza ya kambi ya mazoezi ya likizo. Tumeiweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika.

Walimu, makocha wenzangu, wazazi mliowaleta mabinti na mkaamua kubaki kusikiliza, na ninyi wenyewe wasichana mlioketi hapo mbele na fimbo magotini: hamjambo?

Nimesikia wazazi peke yao. Wasichana, hamjambo? Haya. Sasa tunaelewana.

Kwanza naomba fimbo zote zilazwe chini. Zote, hata wewe wa mwisho kule karibu na dirisha. Najua mikono inawasha, lakini mchezaji wa lakrosi akishika fimbo masikio huziba, na mengi nitakayosema leo hayahitaji fimbo hata kidogo.

Jana jioni mlipokuwa mkiwasili nilikaa pale kwenye ngazi nikawatazama mkijichezea. Niliona mambo! Fimbo zinazungushwa nyuma ya mgongo, mpira unapitishwa katikati ya miguu, mmoja wenu anaudaka huku akipiga soga na mwenzake. Nikasema moyoni, ufundi upo. Kisha mkagawana timu mkaanza kuchezeana kweli. Beki mmoja akasogea, wala hakukimbia, alisogea tu. Mpira chini. Akasogea mwingine. Mpira chini tena. Ule ufundi wa nyuma ya mgongo ulienda wapi? Ulijificha wapi saa ya kuhitajika?

Ndiyo maana leo nina neno moja, na nitalirudia mpaka mnichoke: chenga haianzii kwenye fimbo. Fimbo ndiyo tunayoiona, ndiyo tunayoipigia makofi, lakini inakuja mwisho. Kabla yake kuna mkono uliokwisha kuzoea kazi yake hata hauifikirii, kuna macho yasiyohitaji kuutazama mpira, na kuna miguu. Hasa miguu. Mkinivumilia, kwenye miguu ndiko tutakakokaa muda mrefu zaidi.

Lakini tuanze na mkono. Na kwa kuwa wazazi kadhaa wameniuliza mlangoni mchezo huu umetoka wapi, nitawajibu humo humo.

Lakrosi ni mchezo wa wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini. Wahaudenosaunee, ambao nchi yao ya asili iko pande zote mbili za mpaka wa Marekani na Kanada, wanauita mchezo wa Muumba, na kwao si mchezo wa kupitisha wakati. Mwaka 1884 mwalimu mmoja wa Uskoti, Louisa Lumsden, aliutazama ukichezwa Montreal na ukamwingia moyoni. Mwaka 1890 wasichana wa shule ya St Leonards, katika mji wa St Andrews kule Uskoti, wakacheza mechi ya kwanza ya wanawake. Mmoja wa wanafunzi waliopitia shule hiyo, Rosabelle Sinclair, ndiye aliyeanzisha timu ya wasichana katika shule ya Bryn Mawr mjini Baltimore, Marekani, mwaka 1926. Kutoka hapo ukasambaa. Historia nyingine mtaisoma wenyewe. Mimi nataka kitu kimoja tu ndani yake.

Kitu chenyewe ni hiki. Mchezo wa wanawake ulikwenda njia yake. Wanaume wanavaa helmeti na glavu, wanagongana kwa mabega, na mfuko wa wavu kwenye kichwa cha fimbo zao una kina. Mpira ukizama humo umepata nyumba. Sisi hatugongani. Tunavaa miwani ya kinga na kinga ya meno, basi. Na mfuko wetu ni wa kina kifupi kwa mujibu wa sheria: mpira ukiwa ndani, sehemu yake ya juu lazima ionekane juu ya ukingo wa kichwa cha fimbo. Refa huikagua fimbo yako kabla ya mechi, na ukiwa umeulegeza mfuko kwa ujanja, fimbo inawekwa pembeni mpaka uirekebishe.

Mnaona maana yake? Mpira wetu hauna nyumba. Ni mpira mgumu wa raba, una uzito wa gramu 145 hivi, umekalia ukingoni, na kila hatua unayopiga unataka kuondoka. Ndiyo maana tunaubembeleza. Fimbo inakwenda na kurudi, mkono wa juu unajikunja na kujikunjua, na ule mwendo ndio unaoukandamiza mpira kwenye kamba. Watoto wa kijijini wanajua jambo hili bila kufundishwa: ukizungusha ndoo ya maji kwa kasi juu ya kichwa, maji hayamwagiki, ukisita, umeloa. Mpira nao ni hivyo hivyo. Hauanguki kwa sababu unakimbia. Unaanguka kwa sababu mkono umesita.

Na mkono unasita kwa nini? Mara nyingi kwa sababu umekaza. Nilikuwa na binti mmoja, mwenye mbio kuliko wote katika timu, lakini mpira haukai. Siku moja nikamwambia asimame tu, anionyeshe mikono. Vifundo vya vidole vilikuwa vyeupe. Kidole gumba cha mkono wa juu kilikuwa kimelazwa juu ya mpini, sambamba nao, kama mtu anayeshikilia nyundo. Ukiweka kidole gumba hivyo, kifundo cha mkono kinafungwa. Hakiwezi kujikunja, kwa hiyo mkono wote hadi bega unalazimika kufanya kazi ya kifundo kimoja. Nikamzungushia kidole, kikakumbatia mpini pamoja na vingine. Nikamwambia mkono wa chini ushike kitako cha fimbo na utulie, ule wa juu ushike kwa vidole, wala si kwa kiganja. Akakimbia kutoka hapa hadi kwenye lango la shule na kurudi. Mpira ukakaa. Hakuna muujiza pale. Kilibadilika kidole gumba.

Makocha, angalieni vidole gumba vya watoto wenu. Tunawapigia kelele "bembeleza! bembeleza!" kumbe mkono umefungwa hauwezi.

Basi, mkono unafundishwa wapi? Kwenye mechi? Hapana. Kwenye mechi hufundishwi, unaumbuliwa. Mkono unafundishwa ukutani.

Nasikia mguno huko nyuma. Ukuta unachosha, ndiyo. Hakuna anayekupigia makofi ukutani. Lakini niwaulize: katika mechi nzima, unaudaka mpira mara ngapi? Mara chache tu. Ukutani, ndani ya dakika 15, unaudaka na kuurusha mara mia kadhaa, na ukuta hauombi maji wala hauna hasira. Tena unakurudishia kile kile ulichoupa. Ukirusha mpira uliopinda, unarudi umepinda.

Simama hatua nne tano kutoka ukutani. Kurusha ni kazi ya mikono miwili: wa chini unavuta kitako cha fimbo kuelekea mwilini, wa juu unasukuma kuelekea mbele. Wanaoanza wanasukuma tu kwa mkono wa juu, kama wanarusha tufe, na mpira unaanguka kabla ya kufika. Vuta wa chini! Kudaka ni kinyume chake: usiuendee mpira ukaupiga. Upokee. Fimbo irudi nyuma kidogo pamoja na mpira, ili uingie kamba bila kishindo. Mkiwa ukutani fumbeni macho kidogo msikilize. Mpira ukipokelewa vizuri hausikiki. Ukisikia "pa!" ya plastiki, umeugonga.

Sasa linakuja lile ambalo mnalikwepa. Mkono wa kushoto. Na wewe wa mashoto, kwako ni wa kulia. Kila mnachofanya kwa mkono mnaoupenda, fanyeni kwa usioupenda. Arobaini huku, arobaini huku. Halafu daka kwa kulia, badilisha, rusha kwa kushoto. Halafu kinyume. Yale ya nyuma ya mgongo yaje mwisho kabisa, kama peremende baada ya dawa.

Kwa nini nashikilia mkono dhaifu? Kwa sababu beki mwenye akili anakusoma kwa dakika mbili. Akishagundua kwamba unakwenda kulia tu, anakaa kulia. Basi. Hata uwe na mbio za duma, ameshakukata uwanja nusu. Kila chenga utakayopiga, yeye anaisubiri upande ule ule. Msichana wa mkono mmoja hana chenga. Ana mazoea.

Mwalimu mkuu mmoja aliwahi kuniuliza, kwa upole sana, kama lakrosi ni mchezo wa kuvunja madirisha. Nilimwelewa. Kwa hiyo wale ambao shuleni kwenu kuna vioo vingi na ukuta ni mfupi, tumieni mpira wa tenisi. Unaruka vizuri, ni mwepesi, na kwa sababu ni mwepesi unadai mkono laini zaidi. Wale mnaoishi kwenye nyumba za udongo, tafadhali, ukuta wa bibi usiguswe. Kuna ukuta wa mawe wa kanisa au wa soko. Ombeni ruhusa kwanza.

Kabla sijafika miguuni, niwasimulie juu ya Jen Adams. Ni Mwaustralia, mzaliwa wa Adelaide. Alikwenda kusoma chuo kikuu cha Maryland, Marekani, akacheza pale kuanzia 1998 hadi 2001, na katika miaka yote minne timu yake ilitwaa ubingwa wa vyuo. Mwaka 2001 alipewa tuzo ya Tewaaraton, ile ya mchezaji bora wa vyuo vya Marekani, mwaka wa kwanza kabisa kutolewa. Jumla ya magoli na pasi zake za magoli ilifika 445, na haikupitwa katika daraja la kwanza la vyuo mpaka mwaka 2018.

Mmoja wa makocha wake alikuwa Gary Gait, Mkanada. Gait ni yule ambaye mwaka 1988, akichezea chuo cha Syracuse, aliruka kutoka nyuma ya goli, akapitisha fimbo juu ya mwamba na kuushindilia mpira ndani. Watu walidhani wameona vibaya. Mtu kama huyo alipofika kwa wasichana wa Maryland, hakuwaambia kwamba mambo ya fimbo ni ya wanaume. Yaliyowezekana na mfuko wa kina, wao walijifunza kuyafanya na mfuko mfupi: kurusha kwa nyuma, kubadilisha mikono katikati ya mbio, kupiga shuti bila kutazama.

Lakini angalieni michezo ya Adams kwenye video, mkipata bando. Zimeni macho ya kutazama fimbo. Tazameni viatu. Kabla ya kila lile jambo la ajabu, kuna hatua moja fupi, nzito, ya pembeni, na beki anayumba. Fimbo inapofanya maajabu yake, beki ameshapitwa. Ule ufundi wa fimbo ulikuwa sherehe. Harusi ilishafungwa na miguu.

Chenga haianzii kwenye fimbo!

Beki mzuri anatazama nini? Nawauliza mabeki mlioko hapa. Mnatazama fimbo? ... Sawa, huyu anasema tumbo, yule anasema kiuno. Mmesema kweli wote. Beki mzuri hatazami fimbo, kwa sababu fimbo inaweza kuwa kulia na sekunde hiyo hiyo ikawa kushoto. Hatazami macho yako, macho yanadanganya. Anatazama kiuno, kwa sababu kiuno kikienda, mtu mzima ameenda. Kwa hiyo ukimtikisia fimbo kushoto na kulia huku kiuno kimesimama wima katikati, unamchezea nani? Unajichezea mwenyewe. Yeye ametulia anakungoja.

Ili beki ahame, lazima aamini. Na ili aamini, lazima kiuno kiseme uongo. Sikilizeni sasa, hapa ndipo penyewe.

Unamwendea beki kwa mwendo, lakini si kwa mbio zako zote. Ukija na mbio zote huna cha kuongeza. Mkibaki na umbali wa kama fimbo mbili kati yenu, unashuka: magoti yanakunjwa, makalio yanashuka, mgongo haupindi. Mguu wa nje unakanyaga upande ambao huendi. Unakanyaga kwa uzito, bega linaufuata, kichwa kinaufuata, na kichwa cha fimbo kinaufuata. Kwa muda wa kupepesa jicho wewe unaenda huko kweli. Beki anahamisha uzito wake. Mguu wake mmoja umebeba mwili mzima na hauwezi kunyanyuka tena upesi. Hapo ndipo unaukandamiza ule mguu wa nje na kuondoka upande wa pili, na sasa ndiyo mbio zako zote.

Ukianza karibu mno, anaufikia mpira. Ukianza mbali mno, ana muda wa kurudi. Umbali huu hakuna kocha atakayekutajia kwa sentimita. Utaujua kwa kufanya na mwenzako mara nyingi, bila mpira, bila fimbo, mikono nyuma. Ndivyo tutakavyofanya leo, na wale watakaonung'unika wataanza.

Zile chenga zenye majina sitazimaliza leo. Iko ya kubadilisha mkono: unaingia kulia, unakanyaga, fimbo inavuka mbele ya mwili karibu na kifua, na mkono wa kushoto unaipokea. Hiyo ndiyo mkate wetu wa kila siku, na sasa mnajua kwa nini nilipiga kelele juu ya mkono dhaifu. Iko ya kusita: unakimbia, unainuka kidogo kama unayetaka kutoa pasi, beki naye anainuka, unashuka tena na kupita. Hii ni rahisi kuliko zote na inadharauliwa kuliko zote. Iko ya kupitisha fimbo mbele ya uso kwa mkono mmoja. Kwa mfuko wetu mfupi hiyo inadai kifundo laini, ukiwa umekaza mpira unabaki hewani na wewe unaondoka. Na iko ya kuzunguka: unampa beki mgongo na kuviringika kwenye mguu mmoja. Ni nzuri, naipenda, lakini mnaitumia mno. Ukizunguka, kwa nusu sekunde huoni goli, na beki wa pili anaiona hiyo nusu sekunde kama mwaliko.

Na sheria? Ukipiga chenga ukamwingia kifuani beki aliyekwisha kusimama mahali pake, faulo ni yako, si yake. Ukiona unaguswa na kumkumbatia, ujue hukumchenga, umemgonga. Halafu kuna lile duara la kufikirika kuzunguka kichwa, kama sentimita 18 kila upande. Beki haruhusiwi kuingiza fimbo yake humo. Ninyi wajanja mmegundua kwamba ukiubana mpira karibu na sikio beki hawezi kukugusa. Refa naye amegundua. Kuuficha mpira karibu na uso hivyo kiasi cha kumnyima beki nafasi halali ya kuugonga ni kosa. Ukitaka kuukinga mpira, ukinge kwa mwili: mwili ukae kati ya beki na fimbo, fimbo iwe upande wa mbali.

Wazazi, sehemu hii ni yenu. Viatu.

Mwaka 2019 timu yetu ya Kenya ya wasichana chini ya miaka 19 ilikwenda mashindano ya dunia Peterborough, Kanada. Wasichana wetu waliingia uwanjani na viatu vya kawaida vya michezo, kwenye nyasi zilizolowa. Mnaelewa maana yake baada ya niliyoyasema? Mguu unakanyaga ili useme uongo, na mguu wenyewe unateleza. Baada ya kucheza na Israel, wachezaji wa timu ile pamoja na wazazi wao walikuwa wameliona jambo hilo, wakawanunulia wenzao viatu vyenye njumu. Habari hiyo ilisambaa, watu wakalia machozi ya furaha, na ilikuwa haki yao kulia. Mimi niliguswa pia. Lakini kama kocha nilibaki na swali moja: kwa nini sisi huku nyumbani tunahangaika kutafuta fimbo, tunachangisha fimbo, tunaomba fimbo, na hakuna anayeuliza habari za miguu? Fimbo mbili zinaweza kutumiwa na watoto wanne kwa zamu. Kiatu hakina zamu.

Na si kiatu tu, ni goti lililo juu yake. Izzy Scane wa chuo cha Northwestern, Marekani, alikosa msimu mzima wa 2022 kwa sababu ya kuchanika kwa kano ya goti, ile ya katikati inayozuia mfupa wa chini usiteleze mbele. Jeraha hilo huwapata wasichana wanaocheza michezo ya kukata kona mara nyingi zaidi kuliko wavulana, na mara nyingi hakuna aliyemgusa. Ni mtu anakanyaga, goti linaingia ndani, basi. Scane alirudi 2023 akafunga magoli 99, chuo chake kikachukua ubingwa, na alipomaliza masomo mwaka 2024 alikuwa na magoli 376, mengi kuliko mwanamke yeyote hadi wakati huo katika daraja la kwanza la ligi ya vyuo. Alirudi kwa nguvu, lakini mwaka mzima wa ujana wake ulikwenda kwenye matibabu na mazoezi ya kujiuguza. Kwa hiyo tunapowafundisha kukanyaga, tunawafundisha goti likae juu ya vidole vya mguu, lisiinamie ndani. Kuchuchumaa kwa mguu mmoja, kuruka na kutua bila kishindo, kila siku kabla ya kugusa mpira. Makocha wenzangu mnaosema hakuna muda wa hayo: hospitali zina muda mwingi wa kuwangojea watoto wetu.

Nina jambo la mwisho kubwa, nalo ni hili: umeshampita. Halafu?

Hapa ndipo ninapowapoteza wengi. Binti anampita beki kwa uzuri wa kupigiwa vigelegele, kisha anageuka nyuma kumtazama. Anamtazama wa nini? Au anamsubiri ampige chenga ya pili! Mabinti, chenga ni mlango, na mtu hajengi nyumba mlangoni. Ukishapita kiuno chake, rudi mara moja kwenye njia yake, mbele yake, ili mgongo wako umzuie. Inua kichwa. Sasa tazama nani anakuja kumsaidia.

Kwetu sisi wanawake, hapa sheria inakupa zawadi. Ukiwa na mpira unaelekea goli na unataka kupiga shuti, beki haruhusiwi kujisimamisha kwenye njia ya mpira kati yako na goli, isipokuwa awe anamkaba mtu kwa umbali wa fimbo moja. Ndani ya tao la mita 8 mbele ya goli, hawezi kuganda zaidi ya sekunde tatu bila kumkaba yeyote. Kwa hiyo ukimpita mmoja, wa pili anayekuja kusaidia ana haraka, na mwenye haraka hukosea. Atachelewa, au atakata njia vibaya na refa atapuliza, au atamwacha mchezaji aliyekuwa anamkaba. Yote matatu ni yako, lakini ni ya mwenye kichwa kilichoinuka. Akichelewa, piga, goli lina mita 1.83 kwenda juu na 1.83 kwa upana, na kipa hawezi kuwa kila mahali. Akikosea, chukua mpira wa adhabu. Akimwacha mwenzako, toa pasi. Toa pasi! Chenga bora niliyoiona msimu uliopita iliishia kwa pasi ya mita tatu kwa binti ambaye hakuwa na mtu. Aliyeandikiwa goli ni yule wa pili, na timu nzima ilimkimbilia yule wa kwanza.

Mtaniuliza, kwa nini haya yote sasa? Kwa sababu mwaka 2028 lakrosi inarudi Olimpiki, kule Los Angeles. Iliwahi kuwa na medali mwaka 1904 na 1908, wanaume peke yao. Safari hii wanawake wamo. Na haitakuwa ile ya wachezaji kumi na wawili mliyoizoea. Ni ya wachezaji sita kila upande, uwanja wa mita 70 kwa 36, robo nne za dakika 8, na timu ikipata mpira ina sekunde 30 tu za kupiga shuti. Watu wachache, nafasi kubwa, saa inakimbia. Katika mchezo kama huo hakuna pa kumficha mtu asiyeweza kumpita beki wake, wala asiyeweza kudaka kwa mkono wa kushoto. Majirani zetu Uganda walipeleka timu ya wanawake kwenye mashindano ya dunia kule Towson, Maryland, mwaka 2022. Siwaambii kwamba mtakwenda Los Angeles. Nawaambia kwamba mchezo unaelekea kwa watu wenye miguu na mikono miwili, na hivyo vitu havinunuliwi Marekani.

Nimewachosha. Naona mama mmoja anatazama saa, na chai inanukia hadi hapa.

Baada ya chai tutagawanyika. Waliozaliwa kabla ya 2010 watakwenda uwanja wa chini bila fimbo. Ndiyo, bila fimbo; mtachengana mikono nyuma mpaka saa tano. Wadogo ukutani, mkono dhaifu kwanza. Miwani ya kinga haitoshi wote, kwa hiyo walioko ukutani watatumia mipira ya tenisi iliyo kwenye lile gunia jekundu, na mipira migumu ibaki hapa mezani hadi zamu zibadilishwe. Ile iliyochakaa ikang'aa msiichukue kabisa, inateleza kwenye kamba, nimeitenga kwenye kikapu. Makocha, nipeni dakika tano tupange mabeki. Haya, simameni, fimbo ziacheni hapo hapo zilipo.